Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya: Mama mnamwambia amalize dozi, je, dozi yenyewe inatibu?

Kwa Waziri wa Afya, Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, Mganga Mkuu wa Serikali, Bohari ya Dawa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na Baraza la Famasi.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka wodini.

Kila mwaka, tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia inaadhimisha wiki ya kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na sisi hatubaki nyuma. Fulana zinagawiwa, mabango yanatundikwa, na redioni mtaalamu anamkumbusha mama asimkatishie mtoto dozi, asinunue dawa bila cheti, asimgawie mtoto wa jirani dawa iliyobaki. Yote ni kweli na sina ugomvi nayo. Ninachogombea ni kwamba ujumbe umeegemea upande mmoja mno, mpaka mtu anaweza kudhani UVIDA, yaani usugu huo wa vimelea dhidi ya dawa, ni tabia mbaya ya akina mama. Mimi ni muuguzi. Nilianzia zahanati, sasa niko wodi ya watoto katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Ninachokiona ni kwamba antibayotiki nyingi anazomeza mtoto zimeandikwa, zimechomwa au zimeuzwa na mtu aliyefunzwa na kusajiliwa chini ya mamlaka yenu. Na mtu huyo mara nyingi anabahatisha, kwa sababu hana cha kumwezesha asibahatishe.

Ndiyo maana ombi langu ni moja, hata kama nitalizunguka: tupeni vipimo, vifike kwa wakati, na majibu yake yarudi kwetu sote tunaotibu.

Nianze na huko chini, zahanati. Mama amefika asubuhi na mtoto wa miezi minane anayechemka na kukohoa. Kipimo cha haraka cha malaria kimetoka hasi. Mwongozo unataka mtoto ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, anatibiwa nimonia. Zikiwa chini ya hapo, kifua hakibonyei ndani na hakuna dalili ya hatari, ni kikohozi cha kawaida na antibayotiki haihitajiki. Kwenye karatasi ni rahisi. Chumbani mtoto analia, ukimfunua kifua anapandisha pumzi, ukisubiri anyonye atulie benchi la nje linaanza kunung'unika, na wewe ndiye huyo huyo wa kuzalisha, wa chanjo na wa kufunga vidonda. Mama mwenyewe amekopa nauli ya bodaboda. Akirudi na panado na maneno matupu, nyumbani ataulizwa alikwenda kufanya nini. Juu ya hayo yote kuna hofu: nikimwachia huyu, kesho akarudishwa anakoroma, nani atanitetea? Kalamu inajiandikia amoksilini yenyewe.

Hili tumeshaliona likitokea kwa kiwango cha nchi. Vipimo vya haraka vya malaria viliposambazwa, dawa mseto ilipungua kutumika kwa watoto wasio na malaria, jambo jema kabisa. Lakini tafiti za hapa na za nchi nyingine za Afrika zikaonyesha upande wa pili: mtoto aliyekutwa hana malaria alianza kuondoka na antibayotiki mara nyingi zaidi kuliko zamani. Tulipewa cha kutuambia homa hii si nini. Cha kutuambia ni nini, hatukupewa.

Basi ni nini? Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 1,005 wenye homa walioonwa katika vituo vya Dar es Salaam na Ifakara, wakapimwa karibu kila kinachopimika. Kama 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye maambukizi ya bakteria walikuwa 22 katika kila 100, na malaria kama 10. UTI, ambayo siku hizi ndiyo jina la kila homa ya mtoto mjini, haikufika watoto 6 katika 100. Ndiyo maana nikimsikia mama akisema mwanawe ana "UTI sugu" huwa nauliza: mkojo ulipooteshwa maabara, ili bakteria kama wapo wajitokeze, ulikutwa na nini? Haukuoteshwa. Uliangaliwa kwenye darubini, zikaonekana chembe chache za usaha, dawa ikaanza. Homa ya virusi ikaondoka yenyewe siku ya tatu au ya nne kama kawaida yake, na sifa ikaenda kwenye dawa. Mafua mengine yalipokuja, ikawa UTI imerudi, tena sugu, na sasa inatakiwa dawa kali zaidi. Mtoto hajaanza shule, lakini ameshapita amoksilini, septrini, sefiksimu na siprofloksasini, na ugonjwa wenyewe haujathibitishwa hata mara moja.

Waheshimiwa, dawa ya jambo hili imeshapatikana, na imepatikana hapa hapa nyumbani. Katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, Taasisi ya Afya Ifakara na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa (NIMR) ya Mbeya pamoja na wenzao wa Uswisi walichukua vituo 40. Nusu yake vikapewa kishikwambi chenye programu inayomwongoza mtoa huduma swali kwa swali, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, na kipimo cha CRP cha tone la damu, ambacho husaidia kukisia kama kuna maambukizi mazito ya bakteria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Vituo vilivyoendelea kama zamani viliwaandikia antibayotiki watoto wagonjwa 70 katika kila 100. Vilivyopewa mfumo ule viliandikia 23. Na watoto hawakudhurika zaidi: walioshindwa kupona walikuwa idadi ile ile pande zote mbili. Sijui mara ngapi nchi inapata jibu la wazi namna hii kutoka kwa watoto wake yenyewe. Swali langu kwenu ni fupi: nini kimefuata? Halmashauri ngapi zimeingiza kipimo cha CRP na cha oksijeni kwenye maombi yake ya vifaa, na Bohari inavyo vya kuwapa?

Narudi kidogo kwa mama wa dozi. Akiandikiwa amoksilini kwa haki, mara nyingi anapewa ya unga kwenye kichupa, aikoroge mwenyewe kwa maji ya kuchemsha yaliyopoa mpaka kwenye alama. Alama ile haionekani vizuri mchana, sembuse usiku kwa mwanga wa simu. Kijiko cha kupimia kimepotea, kijiko cha chai cha nyumbani ni kikubwa au kidogo, friji hakuna, na siku chache baada ya kuchanganywa dawa inaanza kupoteza nguvu. Halafu tunamlaumu kwa dozi pungufu! Vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha, vya miligramu 250, vimependekezwa na Shirika la Afya Duniani miaka mingi sasa kwa nimonia ya watoto: kidonge kimoja kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, asubuhi na jioni kwa siku tano kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11. Vikiwepo zahanati, mazungumzo yote ya kumaliza dozi yanakuwa mepesi. Visipokuwepo tunarudi kwenye unga.

Sasa twende wodini, ambako kubahatisha kuna bei nyingine.

Mtoto mchanga, kilo 3, siku ya tatu tangu azaliwe. Ameacha kunyonya, mwili wa baridi, mlegevu. Anaanzishiwa ampisilini na jenta (jentamaisini) saa hiyo hiyo, na hapo hakuna wa kulaumiwa, maana sepsisi ya mtoto mchanga, yaani maambukizi mazito yaliyoenea mwilini, haisubiri maabara. Lakini kabla ya sindano ya kwanza inatakiwa ichukuliwe walau mililita moja ya damu, iingizwe kwenye chupa ya kuotesha, ipelekwe maabara ikae kwenye joto. Bakteria wakiota, mteknolojia anawapaka kwenye sahani na kuweka juu yake vikaratasi vidogo vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Kesho yake sahani inazungumza: pale dawa iliposhinda kuna duara safi kuzunguka kikaratasi, pale iliposhindwa bakteria wameota mpaka ukingoni mwake. Nimeiona sahani ambayo duara safi lilikuwa moja tu, na vikaratasi vingine vyote vimezingirwa. Ukishaiona hiyo huhitaji semina.

Tatizo ni kwamba sahani hiyo tunaiona kwa msimu. Mwezi huu chupa za damu zimekwisha. Mwezi ujao chupa zimekuja, vikaratasi vimekwisha. Vyote vikiwepo, umeme unakatika na sampuli inaharibika. Huko hospitali za wilaya, nyingi hazioteshi damu kabisa. Basi mtoto akifika saa 48 bila nafuu, daktari anapanda ngazi gizani: seftriaksoni, na isiposaidia, meropenemu. Hajui kama anapanda kwa sababu bakteria ni sugu, au ugonjwa si bakteria, au ni moyo, au ni sukari imeshuka.

Na meropenemu yenyewe? "Haipo, kanunue nje." Baba anapewa karatasi, anazunguka famasi za mji. Kichupa kina miligramu 500 au 1,000. Mtoto wa kilo 3, kwa kipimo cha miligramu 20 kwa kilo, anahitaji miligramu 60 kila mkupuo, mara mbili au tatu kwa siku. Dawa ikishachanganywa haikai sana. Kwa hiyo ama baba ananunua kichupa kizima ili sehemu kubwa yake imwagwe, ama wauguzi wanapatanisha wazazi wawili watatu wachangie kichupa kimoja, huyu wa asubuhi, yule wa jioni. Hesabu hii ya kuchangishana haimo kwenye mwongozo wowote, lakini ndiyo inayowaweka hai watoto wa watu. Pesa zikimwishia baba siku ya nne, dozi inakatika. Sijaona bango la kumshauri huyu.

Haya si mapya, na ndiyo yanayonikera. Mwaka 2001 na 2002 watafiti walifuatilia watoto 1,828 waliolazwa Muhimbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kati ya waliokutwa na bakteria wa kundi la Gram-hasi kwenye damu, kina Klebsiella na E. coli, walikufa asilimia 43.5. Waliokuwa na malaria walikufa asilimia 20.2. Yaani wakati nchi nzima inapigana na malaria kwa vyandarua, vipimo na dawa, kulikuwa na ugonjwa wodini humo humo unaoua mara mbili yake, na moja ya mambo yaliyotabiri kifo ni mtoto kupewa dawa ambayo bakteria wake walikuwa wameshaizoea. Mwaka 2005 watafiti wa Muhimbili hiyo hiyo walikuwa wameshaeleza kuhusu bakteria wanaotengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa za kundi la seftriaksoni kabla haijafanya kazi: watoto walioambukizwa hao walikufa 71 katika kila 100. Waliozaliwa mwaka ule sasa ni watu wazima. Sisi bado tunaanza na seftriaksoni kwa karibu kila kitu, kwa sababu ipo, ni sindano moja kwa siku, na mama ana imani na sindano.

Kuna jambo la bakteria hawa ambalo kwenye kampeni hulisikii. Jeni za usugu zimebebwa kwenye vipande vya urithi ambavyo bakteria mmoja humpa mwenzake, hata wa jamii nyingine. Kwa hiyo mtoto hahitaji kuwa ametumia dawa vibaya ili apate bakteria sugu. Mtoto wa siku tatu hajakatisha dozi yoyote maishani mwake! Amewapata kwa mama wakati wa kuzaliwa, au kwenye mpira wa kufyonzea makamasi, kwenye sinki, kwenye mikono yetu. Wodi ya watoto wachanga yenye bomba lisilotoa maji mchana, watoto wawili kwenye kitanda kimoja cha joto na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ni kiwanda cha usugu, hata kama kila mama wa mkoa huo atameza kila kidonge alichoandikiwa. Maji, vitakasa mikono na wauguzi wa kutosha navihesabu kuwa dawa. Chanjo pia: tangu mwaka 2013 watoto wetu wanapata chanjo za nimonia na za kuhara kwa rota, na kila homa iliyozuiwa ni cheti kimoja ambacho hakikuandikwa. Kuhusu kuku wa kisasa wanaonyweshwa antibayotiki kwenye maji ili wakue, sina utaalamu, ila wanunuzi wao na wa dawa za watoto ni sisi sisi, na wizara ya mifugo inatakiwa ikae meza moja na ninyi zaidi ya siku ya kupiga picha.

Sasa nije kwenye majibu, maana hapa lawama ni yenu moja kwa moja. Maabara za hospitali kubwa zinaotesha, na takwimu zinakusanywa. Zinaenda wapi? Nikiwa muuguzi wa mkoa, sijawahi kubandikiwa ukutani karatasi moja inayosema: mwaka jana, katika damu za watoto wa mkoa huu, jenta iliwashinda Klebsiella kwa kiasi hiki, seftriaksoni kwa kiasi hiki, amikasini kwa kiasi hiki. Karatasi hiyo moja ingebadilisha maagizo ya usiku mzima. Badala yake tunayakuta mambo yetu wenyewe kwenye majarida ya nje, miaka mitano baadaye, kwa Kiingereza, mengine ya kulipia. Waliosema mficha maradhi kilio humuumbua hawakuwa wamewaza takwimu, lakini linafaa. Mpango kazi wa taifa wa kwanza ulikuwa wa 2017 hadi 2022, wa sasa ni wa 2023 hadi 2028. Ufuatiliaji wa usugu umo ndani yake. Basi ufuatiliaji uishie kwetu, usiishie kwenye ripoti.

Neno kuhusu maduka ya dawa muhimu, kwa sababu najua TMDA na Baraza la Famasi mtasema tatizo liko huko. Maduka haya yalianza Ruvuma mwaka 2003 kwa wazo zuri kabisa: muuzaji wa kijijini afunzwe, asajiliwe, aruhusiwe kuuza dawa chache muhimu zikiwemo baadhi ya antibayotiki. Leo mteja anafika na kusema "nikatie za elfu moja", na muuzaji anakata. Mkifanya msako atafunga siku mbili, afungue ya tatu, kwa sababu zahanati imeshafunga jioni na mtoto anachemka usiku. Msako unampunguzia mama pa kwenda, haumwongezei. Mfundisheni muuzaji kuhesabu pumzi na kutambua dalili za hatari. Mwekeeni bei na pakiti inayofanya dozi kamili iwe rahisi kuinunua kuliko nusu. Halafu fanyeni msako kwa wale wanaouza sindano za hospitali chini ya kaunta, hao mnawajua.

Mwezi Septemba 2024, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa huko New York, nchi zilikubaliana kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu kwa asilimia 10 ifikapo 2030, na kwamba asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza, kina amoksilini na jenta. Kufika huko bila kuotesha damu haiwezekani: daktari hawezi kurudi chini kwenye jenta kama hakuna anayemwambia kwamba jenta bado inafanya kazi. Na msitegemee wafadhili watununulie chupa. Fleming Fund ya Uingereza, iliyokuwa ikisaidia maabara za nchi kama yetu katika kazi hii hii, serikali yao ilitangaza mwaka 2025 kwamba inaikatia fedha.

Kwa hiyo naongea bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na maoteo ya mahitaji kutoka vituoni yanaandaliwa mapema kabla ya hapo. Naomba chupa za kuotesha damu za watoto, sahani, vikaratasi na vitendanishi vyake viingizwe kwenye bidhaa ambazo Bohari ya Dawa haitakiwi kuishiwa, kama ilivyo kwa vipimo vya malaria na vya VVU, kwanza kwa kila hospitali ya rufaa ya mkoa. Naomba gharama ya kipimo hicho kwa mtoto wa chini ya miaka mitano isidaiwe kwa mzazi, maana sera ya matibabu bure kwa umri huo ipo na chupa ya damu ni sehemu ya matibabu. Naomba meropenemu na amikasini za watoto wachanga zikae kwenye famasi ya hospitali chini ya kibali cha daktari bingwa, zisiuzwe kwa karatasi mtaani. Naomba mfumo wa Mbeya na Morogoro upewe halmashauri nyingine, zianze chache, kwa fedha zetu. Na kila Januari, ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila mkoa: dawa gani bado inafanya kazi kwa watoto, ipi imeshachoka. Tutaubandika wenyewe juu ya meza ya dawa. Gundi tunayo.

Wenu katika kazi,

Muuguzi, wodi ya watoto
Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Ziwa